Bili ya Usingizi kwa Matibabu ya Maumivu: Mwongozo kwa Wanaofanyia Kliniki za Marekani Kazi Wakiwa Mombasa

Kazi ya kutayarisha bili za kliniki za Marekani imewapa riziki vijana kadhaa hapa Mombasa. Unakaa Tudor au Bamburi, unafungua kompyuta alasiri kliniki za New York zinapofungua milango, na unafanya kazi hadi usiku. Mwanzo huwa ni bili nyepesi: mgonjwa kamwona daktari, kapimwa, kaandikiwa dawa. Kisha unakabidhiwa kliniki ya maumivu, ile inayodunga sindano za mgongo na shingo, na ndani yake mna bili za dawa ya usingizi. Hapo wengi hukwama, na wengine hufanya makosa bila kujua kwamba ni makosa.

Tofauti iko hivi. Bili ya kawaida inasema kilichofanyika. Bili ya usingizi inasema pia nani alikuwa chumbani, kwa dakika ngapi, na yule aliyemsimamia alikuwa na wagonjwa wangapi wengine kwa wakati huohuo. Herufi mbili unazoweka mwisho wa msimbo, ile namba inayotaja huduma, ni kauli inayotolewa kwa bima ya serikali kwamba daktari fulani alikuwa mahali fulani. Wewe hukuwepo. Kwa hiyo kanuni ninayowafundisha wote wanaoanza ni moja: usiandike kitu ambacho rekodi haikusema, hata kama unajua kwamba "ndivyo wanavyofanya siku zote."

Mwongozo huu unafuata sheria za Medicare, bima ya serikali ya Marekani ambayo hasa ni ya watu wa miaka 65 na zaidi. Kampuni za bima za binafsi huiga mengi kutoka humo lakini zina mikataba yao, nayo lazima uisome. Na tafadhali weka kando mazoea ya hapa kwetu. Anayeijua SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, amezoea upasuaji kulipwa kwa kiwango kimoja cha kifurushi. Kule mdungaji sindano na mtoa usingizi kila mmoja ana dai lake, na kituo kina lake.

Hatua ya 1: Uliza kwanza kama dawa ya usingizi ilihitajika

Wengi hurukia msimbo. Anza na sababu, maana dai lisilo na sababu halitaokolewa na msimbo sahihi.

Sindano nyingi za maumivu hudungwa kwa ganzi tu mahali pa sindano: ile ya steroidi kwenye nafasi ya epidurali, iliyo nje ya utando wa uti wa mgongo, zile za maungio madogo ya uti wa mgongo yanayoitwa faseti, na zile za misuli iliyokaza. Chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani, ASA, chenyewe kinasema kwamba taratibu ndogo za namna hii kwa mtu mzima kwa kawaida hazihitaji kumlaza mgonjwa kwa dawa. Fikiria maana yake: watu ambao wangelipwa kwa kulaza ndio wanaosema mara nyingi hakuna haja.

Sababu ya kitabibu ni nzito. Mgonjwa aliye macho ndiye king'ora. Sindano ikigusa mshipa wa fahamu, anasema, "Nimesikia shoti mguuni," na daktari anasimamisha mkono. Aliyelazwa sana hasemi, na madhara ya uti wa mgongo, hasa shingoni, yanaweza kuwa ya maisha. Isitoshe, sindano za majaribio za faseti zina kazi ya kupima. Kabla Medicare haijalipia kuunguza mishipa midogo ya faseti kwa mawimbi ya redio, inataka sindano mbili za majaribio, kila moja ikiwa imepunguza maumivu kwa angalau asilimia 80. Mgonjwa aliyepewa fentanili, dawa kali ya maumivu, ili kumtuliza akisema maumivu yamekwisha, ni sindano iliyofanya kazi au ni fentanili? Jibu likichafuka, mzee wa watu anaweza kuunguzwa mishipa isiyokuwa na kosa.

Ndiyo maana kanuni za Medicare za maeneo, zilizopangwa upya mwaka 2021, zinasema kwamba nusukaputi, yaani usingizi kamili, haina msingi kwa matibabu ya faseti, na kwamba kutuliza mgonjwa au kumweka mtoa usingizi wa pembeni si jambo la kila siku kwa sindano hizo. Kwa sindano za epidurali msimamo ni huohuo: kwa kawaida haihitajiki, na anayedai malipo aonyeshe kwa nini mgonjwa huyu ni tofauti.

Kwa hiyo tafuta sababu ndani ya rekodi, tena iliyoandikwa kabla ya sindano. Mgonjwa ana ugonjwa wa kutikisika mwili asiyeweza kutulia? Ana hofu kubwa iliyoelezwa, pengine jaribio la awali lilishindikana? Au utaratibu wenyewe ni mrefu na wenye maumivu, kama kuweka kifaa cha kuchochea uti wa mgongo, kuweka pampu ya dawa, au kuziba fundo la mishipa ya fahamu lililo nyuma ya tumbo kwa mgonjwa wa saratani ya kongosho? Hizo ni sababu zinazoeleweka. Lakini ukikuta wagonjwa wote wa Jumanne wana sentensi moja, "mgonjwa ana wasiwasi," neno kwa neno, simamisha kazi na umwandikie msimamizi wako. Mkaguzi wa bima ataiona sentensi hiyo upesi kuliko wewe, na hatamwamini hata yule mgonjwa mmoja aliyekuwa na hofu ya kweli.

Hatua ya 2: Mtambue aliyetoa dawa

Kuna njia mbili, na hazichanganywi.

Njia ya kwanza ni pale daktari anayedunga sindano ndiye huyohuyo aliyeagiza na kusimamia dawa ya kutuliza. Huyu hawezi kudai misimbo ya usingizi, ile inayoanzia 00100 hadi 01999. Kanuni ya Medicare ni kwamba usingizi unaotolewa na mtendaji mwenyewe umo ndani ya malipo ya utaratibu wake. Anachoweza kudai, tangu Januari 2017, ni kutuliza kwa kiasi: msimbo 99152 kwa dakika 15 za mwanzo kwa mgonjwa wa miaka 5 au zaidi, na 99153 kwa kila dakika 15 za ziada. Masharti ni mawili makubwa. Lazima awepo mtu mwingine aliyefunzwa ambaye kazi yake ni kumwangalia mgonjwa, na dakika ziandikwe. Chini ya dakika 10 hakuna cha kudai. Ili 99153 ya kwanza ihesabiwe, muda lazima ufike dakika 23. Na kama kazi ilifanyika hospitalini, 99153 hailipwi kwa daktari, kwa hiyo usishangae ikirudi.

Muda huo huanza dawa inapoingia mwilini, si pale muuguzi alipofungua njia ya mshipa. Huisha utaratibu ukikamilika, mgonjwa akiwa ametulia, na daktari akaacha kuwa naye ana kwa ana. Mazungumzo ya kabla na uangalizi wa chumba cha kuamkia havihesabiwi. Kidonge cha kutuliza alichomeza mgonjwa kabla ya kuingia hakina bili yake. Ganzi ya pale sindano inapoingia haina pia.

Njia ya pili ni pale anapokuwepo mtoa usingizi wa pekee: daktari wa usingizi au muuguzi wa usingizi, ambaye kwenye rekodi utamwona kwa herufi CRNA. Hapa ndipo misimbo ya usingizi inaingia, pamoja na uangalizi wa usingizi uitwao MAC, ambapo mgonjwa anaweza kutulizwa kidogo au sana lakini mtoa usingizi yupo naye muda wote, tayari kwa lolote. Usimlinganishe CRNA na kliniko ofisa wa usingizi tunayemjua katika hospitali zetu. Kazi zinafanana, lakini sheria zinazomruhusu kila mmoja hazifanani, na sheria ya Kenya haina nafasi katika fomu hii.

Hatua ya 3: Usimamizi, na hapa tusikimbie

Neno "usimamizi" hubeba mambo mawili katika sheria za Marekani, na kuyachanganya ndilo chimbuko la makosa mengi niyaonayo.

La kwanza ni usimamizi wa usalama. Masharti ya Medicare kwa hospitali na kwa vituo vya upasuaji vya kurudi nyumbani siku hiyohiyo yanasema muuguzi wa usingizi afanye kazi chini ya usimamizi wa daktari. Hospitalini anaweza kuwa daktari anayefanya utaratibu wenyewe, au daktari wa usingizi aliye karibu kiasi cha kufika mara moja. Tangu kanuni ya Novemba 2001, gavana wa jimbo anaweza kuiandikia serikali kuu, baada ya kushauriana na bodi za udaktari na za uuguzi, akaomba jimbo lake liondolewe kwenye sharti hilo. Iowa lilikuwa la kwanza, Desemba 2001, na mengine yakafuata. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila kliniki mpya ni: iko jimbo gani?

La pili ni usimamizi wa malipo. Huu unahusu daktari wa usingizi anayetaka alipwe kwa kuwaongoza wauguzi wa usingizi katika vyumba viwili, vitatu au vinne kwa wakati mmoja. Medicare humlipa nusu kwa kila chumba, na nusu nyingine humwendea muuguzi. Fanya hesabu: vyumba vinne kwa nusu ni sawa na malipo kamili mawili kwa mtu mmoja. Fedha hiyo ina bei yake, na bei ni masharti saba. Daktari mwenyewe amchunguze mgonjwa kabla. Yeye aandike mpango wa usingizi. Ashiriki mwenyewe katika sehemu ngumu zaidi, zikiwemo kulala na kuamka pale zinapohusika. Ahakikishe asiyofanya yeye yanafanywa na mtu mwenye sifa. Arudi kumwangalia mgonjwa mara kwa mara. Awepo pale kimwili, tayari kwa dharura. Na atoe huduma inayohitajika baada ya usingizi. Likikosekana moja, hakuna uongozi wa kulipwa, na hizo saba lazima zionekane kwenye maandishi, kwa saini yake.

Herufi zenyewe ni hizi. AA ni daktari wa usingizi aliyetoa usingizi mwenyewe. QK ni daktari anayeongoza kesi mbili hadi nne zinazogongana. QY ni daktari anayemwongoza muuguzi mmoja tu. QX ni muuguzi anayeongozwa, na huenda sambamba na QK au QY ya daktari. QZ ni muuguzi asiyeongozwa na daktari kwa maana ya malipo. AD ni daktari aliyevuka kesi nne. Yeye hulipwa yuniti 3 tu (yuniti ni kipimo cha malipo, tutakipigia hesabu hatua ya 6) kwa kila kesi, na moja ya ziada kama imeandikwa kwamba alikuwepo mgonjwa akilazwa. Ikiwa ni MAC, QS hufuata nyuma ya hizi. G9 hutumika badala yake mgonjwa akiwa na historia ya ugonjwa mkali wa moyo na mapafu. Herufi ya malipo hutangulia daima.

Katika kuhesabu kesi zinazogongana, hesabu wagonjwa wote, si wa Medicare peke yao. Mgonjwa wa bima binafsi katika chumba cha tatu bado ni chumba cha tatu. Weka rekodi zote za siku hiyo mbele yako, chora mistari ya muda, uone ni wangapi walikuwa wazi kwa dakika ileile. Kesi ya tano ikianza dakika mbili kabla ya ya kwanza kufungwa, ni kesi tano. Yapo mambo machache daktari anaruhusiwa kuyafanya bila kupoteza uongozi: kushughulikia dharura fupi hapo karibu, kumpa mama mjamzito epidurali ya uchungu, kumpokea mgonjwa anayefuata, kuwaona na kuwaruhusu walio chumba cha kuamkia, na kupanga ratiba. Zaidi ya hapo, aache.

Sasa njoo kwenye kliniki ya maumivu, ambako jambo hili hupinda. Madaktari wengi wa maumivu kule walisomea usingizi kwanza. Basi unakuta daktari anadunga sindano ya mgongo, na muuguzi wake wa usingizi anamlaza mgonjwa huyohuyo. Kwa vile daktari ni mtaalamu wa usingizi, mtu anadhani aweke QY kwa daktari na QX kwa muuguzi. Hasha. Mikono yake iko kwenye sindano na macho kwenye picha ya eksirei. Rubani wa Kilindini haingizi meli mbili gatini kwa wakati mmoja, hata awe hodari namna gani. Daktari huyu anaweza kuwa msimamizi wa usalama wa muuguzi kwa sababu ndiye mtendaji wa utaratibu, na hilo ni halali. Ila kwa malipo, yeye anadai sindano yake tu, na muuguzi anadai usingizi kwa QZ. Maana zote mbili za usimamizi ziko mbele yako katika mgonjwa mmoja, na moja tu ndiyo yenye fedha.

Hatua ya 4: Msimbo

Hapa mambo ni mepesi ukishajua mahali pa sindano, kama iliongozwa na picha, na mgonjwa alivyolala.

Kwa taratibu za uti wa mgongo zinazofanywa kupitia ngozi kwa kuongozwa na picha, tangu 2022 kuna misimbo sita iliyochukua nafasi ya 01935 na 01936 ya zamani. 01937 ni sindano za shingo au mgongo wa juu, 01938 ni za kiuno na chini yake. 01939 na 01940 ni za kuharibu mishipa ya fahamu, kwa mpangilio huohuo wa juu na chini. 01941 na 01942 ni za vifaa vya kuchochea mishipa na za kazi ndani ya pingili. Ukiiona 01936 kwenye orodha ya kliniki, orodha hiyo ni ya kale na inahitaji kufanywa upya yote.

Kwa kuziba mishipa mingine ya fahamu, kazi iliyofanywa na mtu tofauti na mtoa usingizi, tumia 01992 kama mgonjwa alilala kifudifudi na 01991 kwa mkao mwingine wowote. Ya kwanza ina yuniti 5 za msingi, ya pili 3. Kwa hiyo mkao ni fedha, na lazima uandikwe katika rekodi. Usiukisie kwa sababu "mgongo hudungwa mtu akilala kifudifudi."

Alama za hali ya mwili, P1 hadi P6, Medicare haziongezei kitu. Bima kadhaa za binafsi huzilipia.

Hatua ya 5: Dakika

Muda wa usingizi huanza mtoa usingizi anapoanza kumtayarisha mgonjwa chumbani, na huisha anapomkabidhi salama kwa wanaomwangalia baada ya hapo. Uchunguzi wa awali hauhesabiwi. Akitoka katikati, muda huo hukatwa. Vipande vya kabla na baada vinaweza kujumlishwa iwapo rekodi inavionyesha wazi.

Andika dakika halisi. Ukiona kliniki ambayo kila usingizi ni dakika 30 kamili, au 45 kamili, jua kuna mtu anakadiria, na mwambie msimamizi wako kabla mkaguzi hajamwambia.

Kuna mtego mmoja unaotuhusu sisi wa Pwani. Programu nyingine hugeuza saa kwa kufuata kompyuta yako. Wakati wa kiangazi cha New York sisi tuko mbele kwa saa 7. Los Angeles tuko mbele kwa saa 10. Utaratibu uliofanyika Los Angeles saa nane na nusu mchana unaangukia hapa baada ya saa sita usiku, na tarehe imeshabadilika. Dai likienda na tarehe ya Mombasa, litakuwa na tarehe tofauti na dai la kituo, na litarudi. Weka mpangilio wa saa wa programu kwenye jimbo la kliniki, kisha linganisha na karatasi ya usingizi iliyoandikwa kwa mkono au kuskaniwa.

Hatua ya 6: Hesabu

Kanuni ni yuniti za msingi, ujumlishe yuniti za muda, uzidishe kwa kiwango cha dola. Yuniti moja ya muda ni dakika 15, na Medicare huenda hadi desimali moja. Kwenye fomu unapeleka dakika, wao ndio hugawanya. Lakini piga hesabu mwenyewe ili ujue unachotarajia. Kiwango hubadilika kila mwaka na hutofautiana kwa eneo. Cha kitaifa miaka hii kiko karibu na dola 20, na hicho nitakitumia kwa mfano.

Mgonjwa wa saratani ya kongosho anazibwa fundo la mishipa ya fahamu nyuma ya tumbo, amelala kifudifudi, mdungaji ni daktari wa maumivu, na mtoa usingizi yuko kando. Usingizi ulianza 9:04 ukaisha 9:46. Dakika 42, yaani yuniti 2.8. Ongeza 5 za 01992, jumla 7.8. Zidisha kwa 20, dola 156.

Kama ni daktari wa usingizi peke yake, AA, yote 156. Kama ni muuguzi asiyeongozwa, QZ, yote 156. Kama ni daktari akiwaongoza wauguzi katika vyumba vitatu na saba zote zimeandikwa, QK yake ni 78 na QX ya muuguzi ni 78. Ona kwamba jumla haikuongezeka popote. Ukipeleka QK ya daktari na QZ ya muuguzi kwa mgonjwa huyohuyo, umedai 234 kwa kazi ya 156, na madai hayo mawili yanapingana yenyewe kwa yenyewe.

Hatua ya 7: Fungu la mgonjwa

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu anayelipa ni mtu mzima mwenye maumivu. Baada ya kile kiasi cha mwaka anachotangulia kukilipa mwenyewe, Medicare hulipa asilimia 80 na mgonjwa 20. Katika mfano wetu ni dola 31.20, juu ya fungu lake la sindano na la kituo.

Kama kliniki inajua Medicare huenda ikakataa usingizi kwa kukosa sababu, mgonjwa lazima aelezwe kwa maandishi kabla, kwa fomu CMS-R-131, pamoja na makadirio ya gharama, na akubali kwa saini. Hapo dai hubeba herufi GA, ishara kwamba fomu hiyo ipo. Bila fomu hiyo, Medicare ikikataa, kliniki haiwezi kumgeukia mgonjwa. Fomu iliyotiwa saini mgonjwa akiwa tayari kitandani na sindano mkononi haina heshima yoyote, na mimi siipokei bila kuuliza saa ilipotiwa saini.

Kwa wenye bima binafsi, tangu Januari 2022 sheria inayozuia bili za kushtukiza inamlinda mgonjwa aliyekwenda kituo kilicho ndani ya mtandao wa bima yake akakuta mtoa usingizi yuko nje ya mtandao. Hatozwi zaidi ya ambavyo angetozwa ndani ya mtandao, na kwa usingizi hawezi kuombwa asaini kuachilia haki hiyo. Ukiona karatasi kama hiyo kwenye faili, usiipeleke mbele.

Hatua ya 8: Rekodi ikiwa na pengo

Kuuliza si ujinga, lakini kuna namna ya kuuliza. Ukimwandikia daktari, "Tafadhali thibitisha kwamba ulikuwepo mgonjwa alipoamka," umemtilia jibu mdomoni. Andika hivi: "Rekodi haionyeshi ni nani alikuwa na mgonjwa kati ya 9:20 na 9:31. Tafadhali eleza." Akiongeza maelezo, yawe na tarehe na saa ya siku anayoyaongeza, na saini. Maelezo yaliyorudishwa nyuma yaonekane kama ya siku ileile ni kughushi, na wewe uliyeyaona huna pa kujificha. Barua zote hizi zibaki ndani ya mfumo wa kliniki. Jina la mgonjwa halipiti WhatsApp, halifunguliwi saiba, halipigwi picha kwa simu. Sheria ya Marekani ya faragha ya afya ya 1996 na Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 zote mbili zinakuhusu hapo ulipokaa. Hakikisha pia kwamba mkataba wa kliniki unaruhusu kazi ifanyike nje ya Marekani, maana baadhi ya bima haziruhusu au zinataka zijulishwe.

Hatua ya 9: Dai likirudi, au fedha zikizidi

Dai la kwanza lazima lifike ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya huduma. Likikataliwa, kuna siku 120 za kuomba liangaliwe upya. Usibadilishe herufi kutoka QX kwenda QZ kwa sababu tu ya kwanza ilikataliwa. Rudi kwenye hatua ya 3, chora mistari ya muda tena, na ubadilishe pale tu rekodi inapokupa haki. Kama sababu ya kukataliwa ni kwamba usingizi haukuhitajika, peleka maandishi ya daktari yaliyokuwepo kabla ya sindano. Kama hayapo, hakuna rufaa ya kupeleka.

Na ukigundua kliniki imelipwa zaidi, kwa mfano daktari alidai QK siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa akidunga, mjulishe msimamizi kwa maandishi siku hiyohiyo na uweke nakala ndani ya mfumo. Sheria inawapa siku 60 tangu kulitambua jambo hilo walitangaze na kurudisha fedha. Zikipita, kilichokuwa kosa la ukarani kinaweza kuingia chini ya sheria ya madai ya uongo ya 1863, ambayo adhabu yake hufika mara tatu ya hasara ya serikali. Msimamizi akikujibu, "Acha, hawataona," muulize ni nani mwenye dhamana ya ufuataji wa sheria katika kliniki hiyo, kisha umwandikie huyo moja kwa moja, ukitaja tarehe, namba ya dai na dakika zinazogongana, bila kumtuhumu mtu.